Kilomita Sita Ambazo Sikuzikimbia

Nyumba ya chini, mlango wa kijani,
Nyuma ya shule ya zamani.
Jumatano, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Kiberiti,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mumeo, huko mbali mliko. Hujambo? Na mguu, nao haujambo? Nimeuuliza mguu peke yake kwa sababu wewe nakujua: ukiulizwa hali utasema nzuri hata kama umeangukiwa na kabati.

Sisi huku tu wazima kwa kipimo cha umri wetu. Mke mwenzio ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe. Mimi moyo wangu umekuwa kama karani anayesubiri kustaafu: kazini anafika, kitini anakaa, ila usimtume mbali. Muuguzi huja Jumatatu na Alhamisi. Hubonyeza miguu yangu kuona imejaa maji kiasi gani, kisha huniuliza, "Babu, chumvi vipi?" Nami humjibu, "Chumvi ndiyo nini?" Hucheka, huandika kwenye daftari lake, na wote wawili tunajua nimedanganya. Ninakuambia hili mapema ili usije ukashangaa huko mbele.

Daktari naye hakunificha. Nilimwomba asinifiche. Alisema tuhesabu kwa miezi, tusihesabu kwa miaka. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, kwa hiyo swali lake nililielewa bila ubao. Usilie. Nina miaka themanini na mmoja, nimekula vizuri, nimecheka sana, na nimeoa mwanamke ambaye mpaka leo hajanichoka kabisa, amechoka kidogo tu.

Naandika polepole. Ukiona mstari umepanda juu kama unatoka nje ya karatasi, uache uende, utarudi wenyewe.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza Jumapili. Bibi yako aliishika simu karibu na sikio langu lililo zima. Ukasema picha imeonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi. Ukasema mtaalamu wa viungo amekupa magongo na amekukataza kukimbia kwa wiki sita, na mbio zenyewe zimebaki wiki nne. Halafu ukasema hivi, ninanukuu maana niliomba niurudie mara tatu: "Nitakimbia tu, Babu. Wewe ulimaliza na mguu umevunjika, mimi nishindwe na ufa? Na nataka uione medali yangu kabla…" Hapo ukakohoa, ukahamia kwenye habari za mvua.

Nilielewa ulichokatiza. Bibi yako naye alielewa. Alifuta macho kwa kanga, akaniambia, "Damu yako hiyo, mwalimu." Mimi nikabaki na simu mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani na hajui mama yake atarudi lini.

Kiberiti, sasa kaa chini. Kama umesimama kwa mguu mmoja ukisoma barua, kama ninavyokujua, kaa.

Ile habari ya mimi kumaliza mbio nikiwa nimevunjika mguu ni nusu ya habari. Nusu nyingine sikumwambia mtu kwa miaka arobaini na mitatu, mpaka wiki hii. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenikatiza, na mama yako angesikia, na ningepata kisingizio cha kuacha. Karatasi hainikatizi.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Hospitali ya mji ilikuwa inatafuta vitanda vya wodi ya watoto, wakaandaa mbio za hisani za kilomita ishirini na moja. Shule yetu ikaombwa itoe mwalimu mmoja. Nilinyanyua mkono kabla mkuu wa shule hajamaliza sentensi. Kwa miezi mitatu sikuwa na mada nyingine. Niliingia darasani nikiwa na viatu vya mazoezi. Wanafunzi walinitungia wimbo, na mimi, badala ya kuwanyamazisha, niliwasahihisha pale walipokosea sauti. Walizunguka mitaani na fomu za michango wakimnadi mwalimu wao.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, shavu la mguu wa kushoto likanikaza. Nilikwenda kwa muuguzi wa shule, mama mmoja mnene asiyependa mzaha. Akaliminya, nikaruka. Akasema, "Mwalimu, msuli huu umeanza kuchanika. Pumzika wiki tatu." Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa kweli. Kesho yake nilikimbia kilomita kumi.

Unaona tulipofika? Wewe ungekuwepo ungenisifu. Mimi nilijisifu pia.

Siku ya mbio nilianza vizuri. Kilomita ya kumi tukapigwa muhuri mkononi, hicho ndicho kilikuwa kituo pekee cha ukaguzi kabla ya mwisho. Kilomita ya kumi na nne, kando ya ukuta mrefu wa karakana ya mbao, msuli ukakatika. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia kama mtu amenirushia jiwe kwa nyuma. Niligeuka kumtafuta. Hakukuwa na mtu. Nikajaribu hatua moja, mguu ukakataa. Nikakaa juu ya rundo la vumbi la mbao, nikaona sura za wanafunzi wangu uwanjani, na ule wimbo.

Hapo likaja gari la mkate. Dereva alikuwa baba wa mwanafunzi wangu mmoja, sasa ni marehemu. Akapunguza mwendo.

"Mwalimu, vipi, umekwisha?"

"Sijakwisha. Nimepumzika."

"Pumzikia humu ndani basi, naelekea hukohuko."

Nikapanda. Hivyo tu, mjukuu wangu. Sikushawishiwa, sikulazimishwa. Nilipanda nyuma, nikakaa katikati ya trei za mikate, na nakiri nilikula mmoja.

Kilomita sita. Mlango wa nyuma ulikuwa na upenyo, nikawa natazama barabara. Tulipopita kituo cha mafuta nikamwona fundi umeme wa hospitali amekaa ukingoni mwa barabara, kiatu kimoja amekivua, goti limevimba kama papai. Alikuwa ameshamwambia msimamizi kwamba anaishia hapo. Alikuwa anaangalia magari, anatafuta wa kumbeba. Ndani ya gari kulikuwa na nafasi ya watu wanne. Ningegonga bati mara moja, dereva angesimama. Badala yake niliinama nyuma ya trei ili asinione.

Hilo ndilo lililo zito. Gari ni ujinga, lakini kule kuinama sina jina lake.

Mpango ulikuwa anishushe kwenye kichochoro nyuma ya uwanja, ibaki kilomita moja ya kuonekana na watu. Tukiwa tunakaribia, nikaona wanafunzi wangu wanakata kona na mabango, wamekuja kunipokea njiani. Sikusubiri gari lisimame. Niliruka. Kifundo cha mguu kikageuka chini yangu, na safari hii maumivu niliyasikia mara moja.

Kwa hiyo picha ile unayoijua, uliyoiweka kwenye simu yako, mimi nikivuka mstari huku mguu unaburuta na uso umekunjamana, na wasichana wawili wa darasa la saba wanalia nyuma yangu: mguu ulikuwa umevunjika kweli. Sikuigiza. Ila haukuvunjikia mbioni. Ulivunjika kwa kuruka kutoka gari la mkate nikiwakwepa watoto wa shule.

Nimeamka leo Alhamisi na kusoma niliyoandika jana. Nilitaka kuchana. Muuguzi alikuwa ananifunga mkanda wa presha, akaniambia, "Babu, leo presha iko juu, unaandika nini?" Nikamwambia naandika barua ya mapenzi. Akasema basi niiandike haraka. Naendelea.

Jioni ile kulikuwa na chai ya wakimbiaji. Mimi nimevalishwa medali, nimewekewa kiti chenye mto. Mtu akauliza fundi umeme yuko wapi. Mwingine akasema aliishia njiani. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Huyo ni nusu. Bwana Nusu." Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Jina likashika. Miaka arobaini na mitatu mji mzima unamwita Nusu. Watoto wake waliitwa watoto wa Nusu. Alipostaafu na kufungua duka la vifaa vya umeme, aliandika mwenyewe juu ya mlango: KWA FUNDI NUSU. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, na makombo ya mkate yalikuwa bado yako kwenye fulana yangu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo habari yako ilipo.

Nusu alipumzika miezi minne. Hakuona haya. Alikuwa anapita na gongo mbele ya shule na wanafunzi wangu wanamtania, naye anawapungia. Mwaka uliofuata alikimbia akamaliza. Mwaka mwingine tena. Alikimbia mara kumi na moja, ya mwisho akiwa na miaka hamsini na tisa.

Mimi sikwenda hospitali. Daktari angeuliza kifundo kimegeuka vipi na kiwiko kimechubuka vipi, na jibu lilikuwa ndani ya gari la mkate. Nilijifunga mwenyewe kwa kipande cha shuka, nikatembea nacho wiki tatu nikiwaambia watu ni uchovu. Mfupa ukaunga upande. Sijakimbia tena tangu siku ile, hata kulikimbilia basi. Na mimi, Kiberiti, nilipenda kukimbia. Hilo watu huwa hawaniulizi, kwa sababu shujaa haulizwi amepoteza nini. Nilikuwa naamka jua halijatoka, naikuta barabara ya kiwandani haina mtu, kuna umande, nasikia viatu vyangu tu. Nimeikumbuka barabara ile kuliko ninavyomkumbuka mkuu wa shule na hotuba zake zote.

Bibi yako nimemwambia. Ilibidi aanze yeye. Mwezi uliopita miguu ilipovimba sana walinipiga picha, na daktari yule kijana akainyanyua kwenye mwanga, akasema mbele yake, "Mzee, hapa palivunjika zamani na hapakuwahi kufungwa. Nani alikutibu?" Mke mwenzio aligeuza shingo taratibu akaniangalia. Tangu siku hiyo alikuwa anasubiri. Jumapili, baada ya ujumbe wako, nikamwambia yote, pamoja na mkate.

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema, "Miaka arobaini na mitatu kila kipupwe nakukanda mguu wa uongo?"

Nikasema, "Mguu ni wa kweli, mama. Uongo ni njia uliyopitia."

"Na mafuta ya kukandia nayo yalikuwa ya kweli."

Alikasirika siku nzima. Aliniletea uji, akaweka bakuli mezani kwa kishindo. Siku ya pili nikamsikia jikoni anacheka peke yake. Nikauliza kuna nini. Akasema, "Ulikula mkate. Watu wanakulilia uwanjani, wewe umeshiba." Amenisamehe, nadhani. Ila mafuta ameyahamishia kabati la juu nisikoweza kufika.

Halafu nikamwita Nusu. Alikuja juzi asubuhi, ana miaka themanini na anatembea wima kama mlingoti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda, kofia mkononi. Nikamweleza bila kupamba. Nikamweleza kituo cha mafuta, upenyo wa mlango, na jinsi nilivyoinama. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Akauliza, "Ndani kulikuwa na nafasi?"

"Ilikuwepo."

"Ya watu wangapi?"

"Wanne."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, mimi siku ile nilirudi kwa miguu. Kilomita tano, na goti lile. Kuniita Nusu, hewala, jina limenilisha, wateja hawalisahau. Lakini kunipita."

Nikamwambia anisamehe. Akaizungusha kofia yake mkononi. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa nusu wawili." Na akacheka, akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka mpaka Bibi yako akaja mbio akidhani ninakata roho.

Nilitaka kumpa ile medali. Alikataa. Alisema, "Ninazo zangu kumi na moja. Hiyo ya mkate kaa nayo."

Kabla hajaondoka nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kuuliza. Wale waliomwahidi michango mwaka ule, alipoishia njiani, walifanyaje? Akanishangaa. "Walitoa. Wote. Mmoja aliongeza kwa sababu ya goti." Unaona? Miaka yote nimejiambia kwamba nilipanda gari kwa ajili ya watoto wa wodi, kwamba ningeshindwa wangekosa vitanda. Haikuwa kweli. Vitanda vingekuja. Kilichopanda gari ni maringo yangu, yakakaa raha mustarehe katikati ya trei.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Ningeweza kufa na kisa changu na pasingekuwa na hasara kubwa, watu wangenisindikiza kama shujaa na mambo yangeishia hapo. Lakini wewe unataka kuuvunja mfupa wako kwa sababu ya picha yangu. Umenichukua mimi kuwa kipimo, na kipimo chenyewe ni kibovu. Mwalimu wa hesabu hawezi kumwacha mwanafunzi apime kwa rula iliyopinda.

Najua sababu yako ya mbio ni nzuri kuliko ya kwangu. Wodi ya watoto njiti si jambo dogo kwako. Wewe mwenyewe ulizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, na siku ya kwanza niliyokubeba nilikulinganisha na kamusi yangu, kamusi ikawa nzito zaidi. Ndipo nikakuita Kiberiti. Sikuchekei kwa kutaka kuwakimbilia wenzako. Ila watoto wale hawahitaji mguu wako. Wapigie waliokuahidi, mmoja mmoja, uwaambie mfupa umepata ufa na mwaka huu hukimbii. Atakayejitoa na ajitoe. Mimi nadhani hutampata hata mmoja. Siku ya mbio nenda na magongo yako, ukae kwenye meza ya maji, uwatanie wanaopita. Una ulimi wa kazi hiyo, umeutoa upande wa Bibi yako.

Na ukimwona mtu amekaa ukingoni na kiatu kimoja mkononi, mtafutie gari. Hilo nakuomba kwa ajili yangu.

Sasa lile ulilolikatiza kwa kukohoa. Unaogopa kwamba mwakani sitakuwepo. Huenda ni kweli. Nimelifikiria hilo kwa utulivu, nimekaa hapa dirishani naangalia watoto wa shule wanavyochelewa. Usinikimbilie mimi. Mtu akikimbia kwa ajili ya anayekufa hawezi kusimama hata mguu ukimwambia simama, maana anaona akisimama amemuua. Mimi sitakufa kwa sababu umesimama. Nitakufa kwa sababu ya moyo, daktari ameandika vizuri, kuna hadi picha.

Mwakani utakimbia. Nikiwepo nitasikiliza kwenye simu. Nisipokuwepo, mke mwenzio atasikiliza, na yeye ana masikio mawili mazima, kwa hiyo utakuwa umefaidi. Barabara utaikuta palepale. Mimi sikuikuta tena, na ndiyo adhabu yangu. Nisingependa uirithi wakati kuna vitu vingi vizuri vya kurithi humu ndani, ikiwemo kamusi.

Mpe mama yako salamu zangu. Mwambie barua hii anaweza kuisoma, lakini aketi kwanza, na asimpigie Bibi yako kabla ya kumaliza ukurasa wa mwisho. Mjomba wako wa karakana msalimie, umwambie kile kiti cha magurudumu alichonitengenezea kinakata kona vizuri kuliko gari lake. Shangazi yako mdogo mwambie dawa nilizipata na ninazimeza, nyingi kati ya hizo. Mumeo namsalimu kwa namna ya pekee: ninamwomba avifiche viatu vyako vya kukimbilia mpaka wiki sita ziishe, na usimlaumu, lawama nitumie mimi.

Mungu akuunge mfupa wako unyooke, akupe na subira, ambayo katika ukoo wetu imegawiwa kwa kijiko cha chai.

Jumapili nipigie saa nne asubuhi, muda ambao nakuwa nimekunywa dawa na akili iko sawa. Usinipe maelezo marefu na usinisamehe kwa haraka. Niambie tu umekaa wapi, na mguu umeuweka juu ya nini.

Babu yako, anayekupenda hata ukiwa umekaa.